Kubana picha za zamani bila kuziharibu: mazungumzo ya Jumamosi, Mji Mkongwe

Assalaam aleikum jamani, waliosimama mlangoni sogeeni huku mbele viti vipo. Feni moja tu ndo inazunguka leo, tuvumiliane.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na picha ya bibi yangu kakaa barazani Malindi, karatasi ishaliwa na mende pembeni, nkaiskani, halafu nkaisevu JPEG, yaani ile .jpg ya kawaida, ya ubora wa chini kabisa ili ienee kwenye flashi na lile faili kubwa nkalifuta. Mwaka ukapita, siku hiyo naikuza nisome kanga yake imeandikwa nini, maandishi siyaoni, naona viboksi viboksi. Na karatasi yenyewe ishakwenda.

Vile viboksi vina sababu. JPEG ya zamani, ile ya 1992, inaikata picha vipande vya pikseli, vile vinukta vya rangi, 8 kwa 8 na kila kipande inakibana peke yake, jirani haulizwi, kwa hivo ukiminya sana mipaka inatokeza kama sakafu ya vigae. JPEG 2000, ndo tuliyoijia leo, faili lake linaishia na .jp2, njia yake nyengine, inatumia weivleti, yaani viwimbi vidogo, na moja ya hesabu zake inatokana na kazi ya mama mmoja wa Kibelgiji, Ingrid Daubechies, na wenzake.

Sasa viwimbi vinafanyaje? Chukua pikseli mbili zilizokaa pamoja, moja mwangaza wake 100 nyengine 104. Usiandike hivo, andika wastani 102 na pembeni yake 2, mana 102 toa 2 unapata 100, ongeza 2 unapata 104, zote zimerudi. Utanambia si namba mbili zile zile? Ndio, ila kwenye ukuta wa chokaa au bahari ilotulia ile ya pili inakuwa sifuri sifuri sifuri, na sifuri zilofatana unazikunja kama mkeka. Ukifanya hivo kwa upana na kwa urefu, zile wastani zikikaa peke yake zinakuwa picha ndogo, nusu ya upana nusu ya urefu, unaifanyia vile vile, tena na tena, kila mara ni ngazi moja. Hesabu ya kweli inaangalia majirani wengi zaidi lakini mwendo wake ndo huo.

Zana yetu ni OpenJPEG, ya bure, kwenye kompyuta ya Ubuntu unaweka paketi ya libopenjp2-tools. Vitufe hamna, unaandika tu kwenye dirisha la amri (terminal):

opj_compress -i mlango.tif -o mlango.jp2

Ukiiacha hivo hivo hakipotei kitu hata pikseli moja. Postikadi ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa rangi, dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, ni kama MB 25 kabla ya kubanwa. Ukiongeza -r 20 inabanwa mara 20, inabaki MB moja na robo hivi, ila hapo ujue kuna kilichotupwa.

Hapa watu wanajichanganya sana: -r kwenye opj_decompress, ile ya kuifungua jp2, ni kitu chengine kabisa. Kule -r 2 maana yake ziruke ngazi mbili za juu, unapata picha ya robo upana na robo urefu. Mimi hii ndo iloniteka wallahi, faili moja tu na kubwa na ndogo zote mumo humo, huna haja ya kuweka vijifaili vitatu vitatu.

Mwenye picha za jumba la Beit al-Ajaib za kabla ya tarehe 25 Disemba 2020, kabla sehemu yake haijaporomoka, hizo nakuombeni msizitie -r wakati wa kuzibana. Siku atakuja mtu anataka kuhesabu vijiti vya roshani, kimoja kimoja.

Na opj_compress .jpg haipokei, anza na TIFF au PNG kutoka kwenye skana. Ukiigeuza JPEG ilokwisha haribika utapata jp2 nzuri tu, na viboksi vyake ndani.

Naam mzee wangu? ... Anauliza mbona kamtumia mwanawe Muscat na simu haifungui. Kweli, Chrome haifungui jp2, kwa hivo jamaa watumie nakala ya JPEG ya kawaida, jp2 ikae nyumbani kwenye hadi-diski, tena mbili, moja kwa ndugu mwengine. Haya, nani kaja na skani yake tuijaribu?