Tairi limeliwa upande wa ndani: tafuta mwizi kabla ya kununua jipya

Karibuni tena. Leo gari la kasi liko juu ya stendi nne, na tairi ninalolishika hapa ni la nyuma kushoto. Ukilitazama kwa nje, bado lina maisha marefu: mifereji ina kina, maandishi ya ubavuni yanang'aa. Sasa naligeuza. Sogeza kamera, sogeza zaidi. Umeona huu ukingo wa ndani? Mpira umekwisha, na hivi vitu vinavyochungulia kama nywele ni nyuzi za ndani ya tairi. Tairi lilelile, upande mmoja jipya, upande mwingine kipara.

Mwenye gari alikuja akitaka nimfungie jipya tu aondoke. Nimemkatalia. Tukifunga jipya leo bila kujua hili limeliwa na nini, na hilo jipya litaliwa vilevile. Kwa hiyo tutafanya kazi kwa mpangilio: kwanza tunasoma tairi, halafu tunakagua vyuma, halafu tunapima, na spana inakuja mwisho.

Hatua ya kwanza, geji ya kina. Kila tairi unalipima sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Matairi manne, namba kumi na mbili, na uziandike. Usiziweke kichwani, maana ukifika tairi la tatu utakuwa umechanganya. Matairi ya mbele unaweza kukata usukani ukaona upande wa ndani, lakini ya nyuma hayakati. Ndiyo maana watu wengi wanakuja kushtuka pale upepo unapotoka kwa kishindo barabarani. Inua gari, au lala chini na tochi. Na kabla hujapitisha mkono mahali usipopaona, tazama kwanza. Nyuzi za chuma zikishatokeza zinachana kiganja.

Tairi jipya la gari la kasi kwa kawaida huanza na milimita 7 hadi 8. Nchi nyingi sheria inakutaka usishuke chini ya 1.6. Mimi kwa gari lenye nguvu na matairi mapana sisubiri huko. Nikiona 3 naanza kutafuta mengine, kwa sababu tairi pana likikosa mifereji linaelea juu ya maji.

Soma namba zako sasa. Katikati pameisha kuliko pembeni kote kuwili: upepo umezidi. Pembeni kote kuwili kumeisha na katikati kuko sawa: upepo ni mdogo. Hili ni la dakika mbili, tusilikalie. Ila jambo moja: kiasi cha upepo kinasomwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au kwenye kitabu cha gari. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haikuambii gari lako linataka kiasi gani. Na pima tairi likiwa baridi, kwa sababu kila joto likipanda kama nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, upepo unapanda karibu psi 1.

Kama umeona mashimoshimo, yaani mpira umeliwa kwa mabonde na vilima kuzunguka tairi zima, hapo mtuhumiwa wa kwanza ni shokapu zilizochoka, wa pili ni balansi. Lile jaribio la kukandamiza bampa ukaangalia gari linadunda mara ngapi, kwenye gari la michezo lisahau. Springi zake ni ngumu, hata shokapu iliyokufa inaweza kukudanganya. Tafuta michirizi ya mafuta kwenye mwili wa shokapu.

Sasa tuje kwa huyu wetu, aliyeliwa upande mmoja.

Hatua ya pili, kiganja. Hii ndiyo napenda kuliko zote, na haina gharama. Weka kiganja juu ya uso wa tairi, kivute taratibu kukatisha upana wake, kutoka nje kuja ndani. Kisha rudi, kutoka ndani kwenda nje. Sikiliza kwa ngozi. Kama upande mmoja mkono unateleza kama juu ya manyoya ya kuku, na ukirudi unakwaruza kama unarudisha manyoya nyuma, tairi hilo linaburuzwa kwa ubavu. Ukikwaruzwa wakati mkono unatoka ndani kwenda nje, magurudumu yamefumba mbele, yaani pua zake zimeelekeana. Ukikwaruzwa wakati mkono unatoka nje kwenda ndani, yamefumbuka, pua zimeachana. Nitaita kipimo hiki tou, kama mafundi wanavyokiita.

Nakivuta hapa... kutoka nje kuja ndani. Sikia hiyo sauti. Krrr. Huyu amefumbuka.

Mwenye gari alipofika alikuwa tayari na hukumu mkononi: "Fundi, ni kemba hiyo, gari limeshushwa." Kemba ni ule mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Ya hapa ni kemba hasi: kichwa cha gurudumu kinaegemea ndani, miguu imetanuka nje. Ni kweli gari limeshushwa, na ni kweli magurudumu yamelala. Kemba ya namna hiyo huupa ukingo wa ndani mzigo mkubwa zaidi, siwezi kubisha. Lakini magari mengi ya kasi yanatoka kiwandani na digrii 1 hadi 2 za kemba hasi, na matairi yake hayaishi kwa mtindo huu. Kemba peke yake inakula polepole. Inayotafuna ni tou, na zikikutana zote mbili, tou inaburuza na kemba inachagua ni ukingo upi uburuzwe.

Ngoja nikufanyie hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopuuza. Gurudumu likikosea milimita 1 tu ya tou, ukipima ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wake wa nyuma kwenye rimu ya inchi 18, hiyo ni kama digrii 0.12. Ndogo, au siyo? Lakini kila kilomita 1 unayokwenda, tairi hilo linaburuzwa kwa ubavu kama mita 2. Ukienda kilomita 10,000, umeliburuza kilomita 20 juu ya lami. Milimita moja! Na mpira wa matairi haya ni laini, umetengenezwa ung'ang'anie barabara, kwa hiyo unapoburuzwa unaacha nyama yake hapohapo.

Na usiniambie gari linanyooka. Hilo lilinikuta mimi mwenyewe. Nilishusha gari langu kwa springi fupi, nikafunga matairi mapya, nikaliendesha: usukani umenyooka, halivuti kushoto wala kulia. Nikajipongeza. Kabla msimu wa mvua haujaisha nyuzi zikawa nje. Magurudumu mawili yakiwa yamefumbuka kwa kiasi sawa, moja linavuta kushoto, mwenzake kulia, wanalingana nguvu, na gari linakwenda moja kwa moja kama mshale huku matairi yote mawili yanasagika. Kushusha gari kunabadilisha pembe za mikono ya sasipensheni, yaani vyuma vinavyoshikilia gurudumu, na tou inabadilika nazo. Ukigusa springi, umegusa alaimenti, yaani pembe zote za magurudumu.

Hatua ya tatu, vyuma. Hakuna maana kupima kitu kinacholegea. Gurudumu likiwa hewani, shika juu na chini, saa kumi na mbili na saa sita za mshale, litikise. Likicheza, shuku beringi au boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma kinachogeukia gurudumu. Shika kushoto na kulia, litikise: likicheza hapa tu na siyo juu na chini, kwa gurudumu la mbele shuku tairodi, fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu. Halafu bushi, zile raba zinazokaa kwenye maungio ya mikono ya sasipensheni. Bushi ni mjanja, kwa sababu gari likiwa limesimama anakaa mahali pake na mashine inasoma vizuri, ila ukikanyaga breki mkono unarudi nyuma na tou inahama. Unapata karatasi yenye namba nzuri na tairi linaendelea kuisha. Kwa hiyo ingiza mtaimbo mdogo kati ya mkono na fremu, sukuma. Tazama hapa... bushi hii imechanika robo duara, unaona mpasuko unafunguka nikisukuma? Na ya upande wa pili nimeshaikagua, imeanza. Zote mbili zinabadilishwa leo. Na bolti zake unazikaza mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, siyo magurudumu yakining'inia, vinginevyo bushi mpya inakaa imejinyonga na itachanika mapema.

Nimeruka kazi ya kubadilisha, ni saa mbili za kelele na vumbi. Sasa gari liko chini.

Hatua ya nne, kupima kwa nyuzi. Ukiwa na karakana yenye mashine, nenda, na uombe wakupe karatasi ya kabla na baada. Mimi nakuonyesha uzi kwa sababu mwenye uzi anaweza kujikagua wakati wowote. Sakafu iwe sawa. Upepo uwe sahihi. Usukani uunyooshe na uufunge usicheze. Lisukume gari mbele na nyuma mita kadhaa ili sasipensheni itulie. Chini ya kila gurudumu utakalorekebisha weka vigae viwili vilivyopandana, grisi ikiwa kati yao, ili tairi likigeuka liteleze badala ya kujikunja.

Tandaza uzi wa kuvulia samaki kila upande wa gari, kwenye stendi, usawa wa katikati ya gurudumu. Umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi uzi uwe sawa kushoto na kulia. Nyuma pia, kushoto na kulia sawa. Usishangae mbele na nyuma zisipolingana, magari mengi yana upana tofauti mbele na nyuma. Hapa utahangaika, utagonga stendi kwa goti, utaanza upya. Ni kawaida.

Kisha rula: kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu hadi ukingo wa nyuma wa rimu. Mbele ikiwa mbali na uzi kuliko nyuma, limefumba. Mbele ikiwa karibu zaidi, limefumbuka. Nasoma nyuma kushoto: mbele 61, nyuma 64. Milimita 3 za kufumbuka! Rudi kwenye hesabu yetu, ni mita 6 za kuburuzwa kila kilomita. Sasa umemwona mwizi.

Hatua ya tano, kurekebisha. Mpangilio una sababu zake. Urefu wa gari kwanza, kemba pili, tou mwisho, kwa sababu ukigusa kemba tou inahama na utakuwa umefanya kazi mara mbili. Na anza nyuma ndipo uje mbele: magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, ya mbele yanafuata. Ukianza mbele, utamaliza na usukani uliopinda.

Chora alama ya rangi kwenye bolti ya kurekebishia kabla hujailegeza, ili ukipotea ujue njia ya kurudi. Geuza kidogo, sukuma gari, pima tena. Kwenye tairodi za mbele geuza kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Vipimo vya mwisho ni vya mtengenezaji wa gari lako, usinakili vya jirani. Nyuma wengi wanataka kufumba kidogo, kunaliweka gari imara kwenye kasi. Ukimaliza, kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, na upime tena baada ya kukaza, maana kukaza kwenyewe kunaweza kuhamisha.

Mnaoendesha kwenye uwanja wa mbio za magari mtanikosoa: matairi yenu yanaisha nje, siyo ndani. Sawa. Kwenye kona kali gari linalala na tairi linapanda juu ya bega lake la nje. Paka chaki kwenye bega, zunguka mara chache, tazama chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi ubavuni, ongeza upepo kidogo kwanza, kisha kemba hasi. Kwenu kemba ni dawa.

Na matairi yaliyobaki? Lenye nyuzi nje ni la kutupa, halina mjadala. Lililoliwa nusu, angalia ubavuni. Likiwa na mshale wa mwelekeo, linaweza kuvuliwa kwenye rimu na kufungwa upande wa pili wa gari. Mshale unabaki sahihi na ukingo wa ndani unakuwa wa nje. Likiwa limeandikwa kwamba upande huu ukae nje, hilo haligeuzwi, ukingo uliokwisha utabaki ndani popote utakapolihamishia. Na kama saizi za mbele na nyuma ni tofauti, kubadilishana mbele na nyuma sahau.

Huyu wetu anafungwa mawili mapya nyuma. Nachora mstari wa chaki kukatisha uso wa kila moja, na namba zake sita naziandika kwenye karatasi hii naibandika chini ya boneti. Baada ya kilomita 1,000 atarudi tuinue tena, tupime ndani, katikati na nje. Shusha jeki hiyo taratibu, mguu wangu uko huku.