Maandishi, mshale au mkono wa kivuli: VR inafunza fundi aje?

Haya wasee wa Kisumu, habari za mchana, nyinyi mko huko mlangoni sogeeni mbele, mama wa chai akianza kupita hamtasikia kitu.

VR ni ile miwani unavaa unajikuta ndani ya gereji na hata hujatoka kwa kiti. Sasa ukiwa huko ndani nani anakuonyesha kazi? Tuseme unafunga gurudumu, nati tano. Wengi wanaweka ubao wa maandishi unaelea kando, basi unasoma, unageukia gurudumu, umesahau, unarudi kusoma. Chandler na Sweller, watafiti wa jinsi watu wanajifunza, waliandika hii shida ya macho kugawanyika 1992, na hiyo ni karatasi tu, kwa miwani ni mbaya zaidi juu haikupi upana wote wa jicho, shingo ndiyo inateseka. Mshale uko sawa kama spana iko nyuma yako, zaidi ya hapo unakuzibia kazi tu.

Mi napenda mkono wa kivuli, mkono hewa unaokuonyesha spana inashikwa wapi na inazungushwa upande gani. Si kitu kipya, kina Steven Feiner, watafiti wa kompyuta wa chuo cha Columbia, New York, 1993 walikuwa wanachora kivuli cha kazi juu ya printa, si mkono lakini trei ya karatasi ikivutwa.

Halafu kuna nati inayowaka, yaani ile ya kukaza sasa inajiwasha taa, na hii ndiyo ilinidanganya. Kijana mmoja wa Kibuye alimaliza haraka kuliko wote, nikampigia makofi. Nikazima taa nikamwambia rudia. Nati za gurudumu unakaza kwa kuvuka, hii halafu ile ya ng'ambo, kama unachora nyota, ndo likae sawa. Yeye akaenda moja kwa moja akizunguka kama mtu anakoroga uji! Kumbe alikuwa anafuata taa, gurudumu hakuliona. Salmoni, Schmidt na Walter, watafiti wa jinsi mwili unajifunza kazi, walisema kitu karibu na hiki 1984, kwamba ukimwambia mtu matokeo yake kila jaribio anang'aa mazoezini, ukinyamaza anapotea.

Kwa hivyo siku hizi mkono naonyesha mara mbili pekee, na nati inawaka ukikosea ama ukizubaa sana. Wanalalamika, ati mwalimu hii mashine imekufa. Haijakufa bana, inakungoja.

Haya nani anaanza? Dada wa kitenge, njoo. La, usitoe miwani yako ya macho, hii inaingia juu yake.