Walisema Nina Haya

Shikamooni wazee wangu, hamjambo walimu wenzetu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, habari zenu.

Nimeanza na salamu kwa sababu salamu ndizo zilizonificha kwa miaka 38.

Salamu zetu zina majibu yake. Shikamoo, marahaba. Habari za asubuhi, nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo. Nilizishika zote kabla sijaanza shule, na sikuwahi kukosea. Shida yangu ilianza salamu zikiisha. Mtu ameshauliza habari zote, bado amesimama, ananitazama. Sasa niseme nini? Moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, macho nayainamisha chini. Na kwetu Tanga, mtoto wa kike akiinamisha macho mbele ya wakubwa husifiwa: ana haya huyu, kalelewa. Basi nami nikasifiwa.

Nikakua na sifa hiyo, nikawa mhasibu. Hesabu hazijapata kunichosha. Kilichonichosha ni vikao, chai ya saa nne, harusi, spika. Nikirudi nyumbani nilikuwa nalala gizani mpaka Isha bila kuweza kusema neno. Nilitibiwa sonona mara mbili. Daktari mmoja aliniambia nipunguze mawazo.

Kisha mtoto wa kaka yangu akagunduliwa ana usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyohisi mambo. Wifi alikuwa ananisomea maswali aliyoulizwa hospitali, nami kila swali nalijibu kimoyomoyo, la kwangu.

Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuuthibitisha. Mtaalamu anazungumza nawe, anakutazama, anakupa dodoso ujaze, halafu anauliza utoto wako, kwa sababu usonji haumwingii mtu ukubwani. Nami nilipokwenda kupimwa, mwanasaikolojia akaniambia: niletee aliyekulea.

Nikampeleka mama. Akaulizwa, "Mama, alipokuwa mdogo, kuna nguo alizozikataa?"

Mama akanigeukia, akatabasamu. "Huyu? Sare mpya nilikuwa naifua mara tano kabla hajaivaa, naisugua kola kwa mkono mpaka ilainike. Na kile kitambaa cha nyuma ya shingo nilikuwa nakifumua kwa wembe." Akainua vidole viwili kuonyesha alivyoushika ule wembe. "Uzi mmoja mmoja, maana ukibaki hata mmoja atalia kutwa."

Sikulijua hilo. Miaka yote ile nilidhani sare zangu zilishonwa hivyo.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, ndio ulioziweka hisi za namna hiyo, za kuumizwa na nguo au kelele, miongoni mwa dalili za usonji. Unasema pia kwamba dalili lazima ziwe zilianza utotoni, ila huenda zisionekane vizuri mpaka maisha yamdai mtu kuliko anavyoweza, au zikafunikwa na mbinu alizojifunza. Niliposomewa hapo nililia. Mbinu nilizojifunza mimi ni marahaba na nzuri na hawajambo.

Wengi wakisikia usonji wanatafuta mtoto. Daktari wa akili za watoto aitwaye Leo Kanner alipoandika habari za usonji mwaka 1943 kule Baltimore, Marekani, alieleza watoto 11, wa kiume 8 na wa kike 3. Wa kwanza wao, Donald Triplett, alikua, akafanya kazi benki mjini kwao Forest, Mississippi, akacheza gofu, akafariki mwaka 2023 ana miaka 89. Alikuwa mtu mzima mwenye usonji kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wetu humu ukumbini.

Tulipotoka chumbani kwa mwanasaikolojia, nimeshaambiwa kuwa nami nina usonji, mama alinishika mkono koridoni pale. "Mwanangu, ni mimi niliyekosea kukulea?"

Wazazi mliopo hapa, naomba mnisikilize. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari wakubwa waliwabebesha akina mama lawama hiyo, eti ubaridi wao ndio uliowafanya watoto hivyo. Ilikuwa dhuluma, na utafiti uliofuata umeitupilia mbali. Mama yangu hakusoma hata mstari mmoja wa hayo, lakini swali lilimfikia. Nikamwambia, mama, wewe uliniona kabla ya madaktari wote. Ulikuwa tu hujui kinaitwaje.

Naulizwa: ukubwani hivi, jina la nini? Dawa ya usonji sikupewa, na wala haipo. Lakini ofisini nimehamishwa meza, niko mbali na jenereta. Mkutano ukiisha naondoka bila kutafuta kisingizio. Na kukiwa na harusi ya ndugu, mama anatangulia mapema, anatandika mtandio wake juu ya kiti kilicho karibu na mlango. Taarabu ikipanda sana, ananigusa goti. Natoka nje, napunga hewa, narudi.