Switi Pii Haitaki Ganda

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo.

Mmeniita niseme habari za switi pii, maua haya yanayopanda vijiti na kunukia mpaka jirani anachungulia uani. Kabla ya yote nitoe onyo, maana tulio humu tumelelewa na kunde na mbaazi, na mbegu hizi ukiziona utadhani njegere zilizokauka. Haziliwi. Zina sumu.

Asili yake ni Sicily. Mwaka 1699 mtawa Francesco Cupani alimpelekea mbegu mwalimu mmoja wa Enfield hapa Uingereza, Robert Uvedale. Lilikuwa ua dogo, rangi yake zambarau na damu ya mzee. Karibu miaka mia mbili baadaye mkulima wa maua Henry Eckford, katika mji wa Wem hapa hapa Uingereza, akalikuza likawa pana na la rangi nyingi. Ile ya Cupani bado inauzwa, nami kwa harufu naiona inazishinda hizi kubwa za maonyesho.

Mimi nasia Oktoba. Ukichelewa, sia Februari au Machi. Najua mtu wa Tanga anashangaa: mche utawezaje kukaa nje na baridi hii? Unaweza, mradi uwe kwenye kibanda cha kioo au chini ya kifuniko, hata kisipopashwa moto. Kinachoukera ni joto.

Msitupe vile vibomba vya karatasi ya chooni. Mzizi wa switi pii huenda chini sana, na kibomba kinauachia nafasi. Jaza udongo, zamisha mbegu kiasi cha sentimita mbili, mwagilia. Kuhusu kuloweka, watu wanabishana mpaka chai inapoa. Mimi naloweka usiku mmoja. Isiyovimba naikwangua kidogo kwa wembe, mbali na jicho lake, lile doa iliposhikana na ganda. Halafu funikeni kwa wavu wa waya. Mwaka wangu wa kwanza panya walifukua trei nzima, wakaniachia maganda matupu.

Mche ukipata pea mbili tatu za majani, kata ncha. Mkono utasita, lakini kata, utatoa matawi. Machi mwishoni au Aprili hamishia bustanini, penye jua na samadi iliyooza vizuri, na vijiti virefu kukuzidi wewe.

Sasa, kosa letu sisi. Mama yangu akiona ganda la kunde linajaa alikuwa anaimba. Nami nilipoona maganda ya kwanza ya switi pii nikafurahi vivyo hivyo, nikayaacha. Wiki mbili tu, maua kwisha! Mmea ukishapata mbegu unaona kazi yake imekamilika. Kwa hiyo chuma kila siku, au kila baada ya siku moja. Jaza chupa zote za nyumbani, gawia majirani, peleka msikitini, peleka kanisani. Ganda likikuponyoka, likate mara ulionapo.

Mwisho wa msimu ndipo uache maganda machache kwenye mmea uliokupendeza, yakauke yawe kahawia. Ua hili hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo kwa kawaida mtoto hufanana na mama, isipokuwa kama ulinunua chotara.

Za kwangu ziko kwenye bahasha pale mezani, mbegu nane nane. Mwenye watoto wadogo aziweke juu ya kabati.