Pindua Kwanza: Mhadhara Kuhusu Kukusanya Kauri na Vitu vya Kale vya Korea

Asanteni, karibuni mkae. Slaidi zitasubiri. Tukianza na picha tutarudia kosa lile lile ninalolipigia kelele kila ninaposimama mbele ya wakusanyaji: kutazama sura. Picha inaonyesha tumbo la chombo, maua yake, korongo wanaoruka kati ya mawingu. Kitako haikionyeshi. Na chombo cha Korea ambacho hujaona kitako chake, bado hujakiona.

Sisi watu wa mwambao tuna kisingizio. Zidaka za nyumba za Lamu zilijengwa ili sahani na bakuli za Kichina zitazamwe kutoka mbele. Kwenye makaburi ya nguzo bakuli zilipachikwa katika chokaa, uso nje, kitako kikazama ukutani. Ni desturi nzuri mno, ila imetuzoesha kupenda nyuso. Mkorea wa zama za Joseon, ufalme wa Korea ulioanza 1392, alikula wali katika bakuli lake na kuliosha kila siku. Historia ya chombo kama hicho imejiandika chini.

Basi namna ya kupindua. Vua pete, saa na bangili. Tandika taulo nene mezani. Kama chombo kina kifuniko, kiondoe na ukiweke kando. Mkono mmoja uende chini ya kitako, wa pili ukumbatie tumbo, kisha ukilaze taratibu, karibu kabisa na taulo. Usishike ukingo wala shingo! Hapo ndipo huvunjika kwanza, kwa hiyo hapo ndipo palipojaa viraka vya gundi vilivyopakwa rangi. Ukikishika hapo kipande kinaweza kubaki mkononi mwako, na utakilipia.

Najua kuna atakayesema: mwenye duka hatakubali. Muuzaji mzuri atakutandikia taulo yeye mwenyewe. Anayekataa kitako kionekane, mshukuru, uage.

Sasa kimelala. Unaona nini? Kama ni cheongja, ile kauri ya kijani ya enzi ya Goryeo, kati ya 918 na 1392, kilicho bora kilipakwa glezi, ile ngozi yake ya kioo, kila mahali, hadi chini. Glezi ikiwa jokoni huyeyuka ikawa kioo, na chombo kingeng'ang'ania chini. Mfinyanzi akakisimamisha juu ya vijiwe vitatu vidogo vya kwatzi. Baada ya kuchoma aliving'oa, zikabaki alama tatu nyeupe, ukubwa wa punje za ufuta. Mghushi naye anazijua alama hizo, na ataziweka. Lakini chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Katika chombo cha kweli, glezi imejivuta kuzunguka kijiwe ilipokuwa majimaji, na kati yake kuna mvunjiko mkavu, wenye makali. Katika cha bandia mara nyingi utaona kitone cha udongo mweupe kilichoketi juu ya glezi iliyokwisha poa. Na msikimbilie kusema kisicho na alama tatu ni bandia, kwa sababu cheongja nyingi za kawaida zilichomwa juu ya mchanga au vidonge vya udongo.

Kama ni buncheong, kauri ya karne ya 15 na 16, kitako ni raha tupu. Mfinyanzi aliuvika udongo wa kijivu joho la ujiuji mweupe. Mbinu mojawapo huitwa deombeong, na jina hilo ni mlio tu: ni chubwi yetu. Alikamata bakuli kwa kitako, akalitumbukiza kichwa chini, chubwi, akalitoa. Ndiyo maana sehemu ya chini imebaki kijivu, na mara nyingine unakuta mahali vidole vilipokuwa. Weka vidole vyako hapo. Vinapaswa kukaa kama mkono unaoshika. Alama zilizopangwa kwa nafasi sawa kama namba za saa zilichorwa.

Nyeupe ya Joseon, baekja, ilichomwa juu ya mchanga, na chembe zake zimeganda kwenye pete ya kitako. Zisugue kwa pamba yenye asetoni. Zilizoganda motoni hazitikisiki. Zilizobandikwa kwa gundi zitabaki kwenye pamba. Kisha tazama ulaji. Chombo kilichoburuzwa juu ya meza za mbao kwa miaka 200 kimelika kwenye vinundu tu, na mikwaruzo yake inaelekea huku na huku. Msasa hula kila mahali sawa, hata ndani ya vishimo ambavyo meza haikuwahi kuvigusa, na mikwaruzo yake inafuatana kama mistari ya daftari. Doa la kweli katika nyufa za glezi lina pa kukolea na pa kufifia. La chai au sosi ya soya limetanda sawasawa. Glezi iliyochovywa kwenye asidi ili ionekane imechakaa haing'ai, na chini ya lenzi ina vishimo vidogo vidogo visivyo na idadi.

Kuna ujanja mmoja unaowaangusha hata wazoefu. Mghushi anachukua kitako cha kale kutoka chombo kilichovunjika, anakiunga na mwili mpya, anafunika maungio kwa rangi. Ukipeleka maabara kwa kipimo cha mwanga wa joto, kile kinachokadiria chombo kilichomwa lini kwa mara ya mwisho, watatoboa tundu dogo, na kwa kawaida watatoboa kwenye kitako ili pasionekane. Kipimo kitasema kweli kuhusu kitako, nawe utaamini uongo kuhusu chombo kizima. Kwa hiyo tembeza taa ya urujuanimno juu ya mahali kitako kinapokutana na tumbo, maana viraka vingi hung'aa tofauti. Vipya vimetengenezwa visifanye hivyo, kwa hiyo gusa pia kwa shavu: glezi ni baridi, plastiki ya kiraka ina uvuguvugu. Na gusa kidogo kwa ncha ya pini: glezi inalia, rangi inanyamaza.

Niende kwenye dalhangari, mtungi wa mwezi, maana najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Huu ulitengenezwa kwa ajili ya matumizi ya ikulu na watu wakubwa, mwishoni mwa karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 18, katika majoko ya serikali ya Gwangju, mkoa wa Gyeonggi. Una kimo cha sentimita 40 na kitu. Udongo ule mweupe haukubali kuinuliwa mzima kwa ukubwa huo kwenye gurudumu, unalala. Basi walifinyanga mabakuli mawili makubwa, wakafunika moja juu ya jingine, wakaunga kiunoni. Ndani ya joko maungio yakazama kidogo, mtungi ukapinda. Hakuna uliotoka mviringo kamili.

Ingiza mkono, kama muuzaji anaruhusu na mdomo unatosha, upapase kiuno kwa ndani. Nje pamekwanguliwa. Ndani mfinyanzi hakuwa na sababu ya kusumbuka, na utasikia tuta linalozunguka, nene hapa, jembamba pale. Mtungi laini ndani na mviringo kama mpira ulitoka kwenye kalibu.

Mtu atauliza: je, ukivunjika ndiyo basi? Mwaka 1995 mwizi aliingia katika hekalu la Todaiji, Nara, Japani, akaondoka na mtungi wa aina hii ambao mwandishi Shiga Naoya alikuwa ameutoa zawadi. Walipomfukuza aliubamiza chini. Ulitoka vipande zaidi ya 300. Waliokota vyote, na unga uliobaki sakafuni wakauzoa. Jumba la Makumbusho la Kauri za Mashariki la Osaka likaupokea, na fundi akaurudisha ukasimama. Leo watu wanasimama mbele yake na hawaoni ufa. Ndiyo maana nawasihi: kikivunjika, usitupe hata chembe, usipake gundi ya dukani, usioshe kwa jiki. Jiki inaingia kwenye nyufa za glezi, chumvi yake inakauka na kuvimba, na glezi inaanza kubanduka kama magamba.

Muda unakimbia. Karatasi. Vyombo vingi vya Goryeo vilivyo sokoni vilitoka makaburini, hasa kuzunguka Kaesong, uliokuwa mji mkuu wa Goryeo, ambako wachimbaji walifukua kwa fujo wakati wa utawala wa Kijapani. Uliza kimepitia mikono ya nani, na uliza kwa maandishi. Baharini nako si pa bure. Mwaka 2007 mvuvi wa Taean, pwani ya magharibi ya Korea, alivua pweza aliyeshikilia sahani ya cheongja. Chini yake kulikuwa na jahazi la karne ya 12 lenye vyombo zaidi ya 20,000, na hazina ile ni ya taifa la Korea. Tangu sheria ya 1962, kutoa vitu vya kale nje ya nchi kunadhibitiwa vikali. Hata ukinunua kipya chenye sura ya kale, fika mapema kwenye ofisi ya ukaguzi katika uwanja wa ndege wa Incheon, waonyeshe, wakupe cheti kwamba si urithi uliozuiwa. Risiti ya duka haitoshi.

Michoro ya minhwa, sanaa ya watu wa kawaida, wale chui milia na magpai (ndege wa jamii ya kunguru) wa Korea, sina nafasi nayo. Neno moja: tundu la mdudu likiwa na rangi ndani yake, tundu lilikuwepo kabla ya mchoro. Makasha ya bandaji, yale ya mbao yanayofunguka nusu ya mbele: chomoa misumari? Hapana! Fungua mlango wa mbele, utazame ubao kwa ndani. Chuma cha kale huacha kivuli cheusi kwenye mbao. Kivuli kisicholingana na komeo lililopo kinakwambia komeo limebadilishwa. Na kasha msiliweke mbele ya kiyoyozi, mbao zitapasuka.

Mitungi ya onggi, ile ya udongo ya kuhifadhia vyakula, ndiyo ninayowashauri wanaoanza, kwa kuwa bei yake inavumilika. Ilikaa na sosi ya soya miaka mingi, kwa hiyo ikitoa unga mweupe nje ni chumvi. Iloweke kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila siku wiki mbili, uikaushe kivulini.

Slaidi tuziache. Pale mezani kuna bakuli tano, tatu za kale na mbili za majuzi, na zote zimewekwa wima. Taulo liko tayari. Vueni pete, mje wawili wawili.