Msianze na Meli, Anzeni na Mama

Asanteni. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nimerudi na neno lilelile: yatima. Kila ninapokutana na mtu anayefuatilia maisha ya mtoto maskini wa Kiingereza aliyepelekwa Kanada, sentensi yake ya kwanza ni, "Alikuwa yatima." Nani kakwambia? "Ah, ndivyo tulivyosimuliwa." Basi, msako umekwisha kabla haujaanza, kwa sababu ukishasema yatima huna tena wa kumtafuta Uingereza. Unamdaka mtoto Liverpool akipanda meli, kana kwamba alizaliwa gatini.

Wale watoto wapatao 100,000 ambao mashirika ya hisani yaliwavusha kwenda Kanada kuanzia 1869, wakafanye kazi mashambani na majumbani, wengi wao walikuwa na mzazi hai. Mama mjane, baba mgonjwa au katoroka, kodi ya chumba imeshindikana; mtoto anakabidhiwa kwa wafadhili mpaka mambo yatengemae. Najua sheikh wangu hapo mbele atanisahihisha: kwetu aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe ni yatima, hata kama mama yuko jikoni anapika. Sawasawa, sheikh. Lakini huyo mama basi mtafuteni!

Chukueni kisa cha Harry Gossage. Ndiyo, tena Gossage. Mkikichoka tokeni mkanywe chai. Mwaka 1888 mtoto huyu anaokotwa Folkestone, mama yake keshamtoa kwa wapiga kinanda wa mitaani. Anapelekwa London kwa Dk. Barnardo, yule mwenye nyumba ya watoto kule Stepney. Baadaye mama anataka mwanawe ahamishiwe nyumba ya Wakatoliki. Barnardo ni Mprotestanti, na Mprotestanti wa kweli kweli. Novemba mwaka huohuo mtoto anakabidhiwa bwana mmoja aitwaye Norton, anayeondoka naye kwenda Kanada. Mama akashtaki. Barnardo akaiambia mahakama kwamba anuani ya huyo Norton hanayo.

Hebu tulieni hapo. Mtu ana madaftari, ana makarani, ana picha ya kila mtoto, tena anajulikana kwa kuandika kila kitu. Mtoto mmoja avuke Atlantiki, anuani ipotee! Kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mwaka 1892, na Barnardo akashindwa. Lakini kushindwa mahakamani hakumrudishi mtoto aliyekwisha kuvuka bahari. Na katikati hapo, mwaka 1891, Bunge likapitisha sheria iliyowaruhusu majaji kumnyima mtoto mzazi aliyemtelekeza. Watu wakaiita sheria ya Barnardo, na wala hawakukosea.

Kuna wanaonijibu kila mara: "Mama mwenyewe alimtoa kwa wapiga kinanda, sasa analia nini?" Sikuja kumtetea. Ninachosema ni kwamba yupo, na ameacha maandishi. Ila ukimtafuta kwa jina la Gossage utahangaika bure, kwa sababu mahakamani anaitwa Ford: mama aliolewa tena. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tunatafuta jina la mtoto wakati mama keshabadili la kwake.

Kwa hiyo anzeni na rejista ya ndoa, hasa ndoa ya pili. Kisha sensa, ile ya 1881 inamwonyesha mtoto alilala nyumba gani usiku wa tarehe 3 Aprili, na nani alikuwa humo. Kisha madaftari ya nyumba za kazi za maskini, ambako mama mara nyingi anaingia na watoto watatu na kutoka na mmoja. Meli iwe ya nne. Orodha za meli zenyewe ni rahisi, hifadhi ya taifa ya Kanada imeziweka kwenye intaneti. Na wala msishtuke umri ukipishana.

Halafu kuna fomu ninayoipenda kuliko zote. Vijana wengi waliokulia kwenye mashamba ya Ontario, Kanada, walijiandikisha jeshini katika ile vita ya 1914 hadi 1918. Fomu inauliza: jamaa wa karibu ni nani, anaishi wapi? Wapo walioitwa yatima utoto wao wote, na hapo wakaandika jina la mama, mtaa, na namba ya nyumba. Karani wa jeshi, asiyejua lolote, ndiye anayetufungulia mlango.

Ndugu mmoja ameandika kikaratasi: "Haya ya Wazungu yanatuhusu nini sisi?" Kati ya 1946 na 1962 watoto 276 walipelekwa Bulawayo, kwenye chuo cha Fairbridge, ili walowezi Wazungu waongezeke huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mtoto wa maskini wa London analetwa Afrika aje kuwa bwana. Likutoshe hilo kwa leo.

Nilitaka pia kusema juu ya picha za watoto zilizopangwa kwa kuigiza, zilizomletea Barnardo lawama mwaka 1877, na juu ya Australia, iliyowaomba radhi mwaka 2009 watoto kama hawa waliopelekwa huko, na Uingereza ikafuata 2010. Mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Haya, maswali. Atakayeanza na "yule yatima" nitampita.