Mtafuteni Babu kwa Jina la Meli

Assalamu alaikum, na asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmenieleza hapo mlangoni kwamba mna babu aliyekuwa baharia wa manowari za Kiingereza, na kwamba jina lake mmelitafuta hamkuliona. Naomba jina mliweke kando kwanza. Tafuteni meli.

Kuanzia 1874 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, HMS London ilitia nanga hapa Unguja, meli kongwe iliyogeuzwa kituo cha kuzuia biashara ya watumwa. Mashua zake zilizunguka hadi Pemba zikikagua majahazi. Makasia, makaa na moto wa injini vilihitaji mikono, wakaajiriwa watu wa pwani hii, baadhi yao wakiwa wenyewe wamepitia utumwani. Waingereza waliwaita Sidi, na mkubwa wao akaitwa tindali. Karani aliandika alichosikia, au alichotaka. Feruzi akawa Ferooz au Farooz. Mwingine akabandikwa jina la Kizungu ambalo mkewe hakuwahi kulisikia.

Karani huyohuyo, hata hivyo, alikuwa na hesabu ya fedha ya kutoa, na hapo hakufanya mchezo. Daftari za mishahara za manowari ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, katika fungu la ADM 117 (ADM ni alama ya mafungu ya wizara ya jeshi la majini). Humo mtakuta namba ya mtu, kazi yake, siku aliyoingia, fedha alizokatwa kwa tumbaku na nguo. Kisha herufi ya mwisho: D, aliachishwa, R, alitoroka, DD, alikufa akiwa kazini. Aliyesimuliwa kwamba babu alipotea baharini anaweza kukuta R, na ni wajibu wake kuipokea. Mimi nazipenda daftari hizi kuliko barua zote za makonsuli, kwa sababu hazikuandikwa kumsifu mtu wala kumshusha.

Mtajuaje meli ipi? Sikilizeni visa vya nyumbani. Bibi akisema babu alikuwapo “nahodha Mzungu alipouawa Pemba,” huyo ni Kapteni Brownrigg wa HMS London, Desemba 1881. Kisa kimoja kimewapa meli na mwaka. Akitaja vita vya Witu, kule karibu na Lamu, vya 1890, pitieni orodha za medali, fungu la ADM 171, hukohuko Kew.

Waliofuata meli za biashara wana njia nyingine. Sehemu kubwa ya orodha za mabaharia wa meli za Kiingereza, tangu 1863, imehifadhiwa St. John's, Newfoundland, huko Kanada. Na kadi za mabaharia za 1918 hadi 1921, zilizowekwa Southampton, nyingi zina picha. Fikirieni kumwona uso mtu ambaye nyumbani hakuacha hata kofia.

Watu wa majahazi ndio wagumu, na ndio wengi wetu. Lakini hata wao hawakuachwa kabisa: Mkataba wa Brussels wa 1890, wa kukomesha biashara ya watumwa, ulizitaka serikali zinazotoa bendera kwa majahazi zidai orodha ya mabaharia na ya abiria. Majahazi ya Sur, bandari ya Omani, yaliyopeperusha bendera ya Ufaransa yalizua kesi kati ya Ufaransa na Uingereza iliyoamuliwa na mahakama ya kimataifa ya usuluhishi The Hague mwaka 1905, na kesi huacha makaratasi mengi. Kwa jahazi, anzieni hapa hapa Kilimani, Nyaraka za Taifa, mafaili ya ubalozi wa Kiingereza, fungu AA. Ombeni kwa jina la chombo, la bandari, au la nahodha. Baharia wa kawaida atakuwa ndani yake.